Mshono Uliosagwa

Jumatatu, 3 Machi
Madirisha ya mteja wa Kilakala yamekwisha. Kiwanda cha magari ya jeshi kinaongeza karakana, kinataka mafundi wa kuchomelea. Nimeandika jina. Rehema naye kaandika. Rehema! Nilimfundisha mimi, hapa hapa kwenye banda langu. Simu yake mbovu, akaweka namba yangu. Nikakubali. Nafasi ataipatia wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Mtihani. Kuunga vipande viwili vya chuma kinene. Nikaunga, nikashika grainda, nikausaga mshono mpaka ukalala. Miaka kumi na tano ya mageti, ndivyo tunavyofanya. Mteja akiona nundu anakunja uso. Rehema aliacha wake na mapele yake. Nilimcheka moyoni.
Msimamizi akafika kwangu na tochi. "Fundi, umeondoa tulichotaka kukiona. Nundu ndiyo inayoonyesha chuma kimeshikana vipi. Humu watapanda askari." Kwa Rehema alikaa sana. Kumbe Rehema aliuliza kwanza kama mshono usagwe. Mimi niulize nini, fundi mzima?


Jumatatu, 10 Machi
Rehema anaimba kutwa bandani. Wapita njia wanampongeza kabla hajapata. Nimemfokea kwa ajili ya kebo tu. Wanasema mwanafunzi akikupita ni sifa yako. Wanaosema hawajapitwa.
Wivu. Naandika ili nisijidanganye.

Jumatano, 12 Machi
Saa nne simu imeita. Kiwandani. Rehema aripoti Ijumaa saa moja asubuhi, asipofika anaitwa mwingine. Nimeuliza mwingine ni nani. Hawakusema. Rehema alikuwa hatua tatu tu, anakata bomba, hasikii kitu kwa kelele. Nikajibu nitamwambia.
Sijamwambia.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua tangu alfajiri, milima haionekani. Rehema kauliza, "Mwalimu, hawajapiga?" Nikasema bado. Uongo ulitoka mwepesi. Akanimiminia chai. "Basi tena. Ningepata, ningewaambia wote kanifundisha nani."
Jioni, tukifunga banda, nikamwambia wamepiga sasa hivi. Alipiga kigelegele, akanishukuru mbele ya majirani. Shukrani nikazipokea.

Ijumaa, 14 Machi
Kaenda. Kofia yake ya kuchomelea imebaki msumarini, kule watampa mpya. Kutwa nimefanya geti la mzee mmoja wa Msamvu. Nimesaga kila mshono. Mzee kapitisha kidole, kasema safi kabisa, hapaonekani kitu.
Nimemwambia ahsante.