Yah: Kurejeshwa Nyumbani kwa Nestor Palmares

Jumatatu, 3 Juni 2019
Wameikataa! Kurasa mbili za mwandiko wangu, na yule binti wa mapokezi pale kwa wakala wa mabaharia kazishika kwa ncha za vidole kama kitambaa kilicholowa. Eti, dada, hii si barua rasmi, hii ni barua ya mapenzi. Wenzake wakaangua kicheko. Na humo nilieleza yote — meli anayofanyia kazi Nestor imezuiliwa bandari ya ugenini, mwenye meli kaingia mitini, vijana wanakinga mvua kwa turubai wapate maji ya kunywa, mguu wa mume wangu umevimba.
Eti ichapwe. Halafu asaini mama mkwe. Nestor alipojaza mkataba tulikuwa hatujaoana, akamwandika mama yake kuwa ndugu wa karibu. Mimi mke, si kitu.

Jumatano, 5 Juni
Kwa Efren, rafiki yake Nestor, mwenye duka la kompyuta nyuma ya soko la mtaa wetu, La Paz. Anwani yetu juu. Tarehe. Anwani yao. Kisha YAH: kwa herufi kubwa, ipigiwe mstari. Aya fupi fupi.
"Shemeji, hapa hatulii. Hapa tunaomba."
Akafuta mvua. Akafuta turubai. Mguu ukageuka "hali yake ya kiafya si ya kuridhisha". Nikamwambia, Efren, umemkata mguu! Hakucheka.
Mama Ursing, mkwe wangu, kasaini taratibu, ulimi nje. "Na mguu mmeuandika wapi?" Nikamwonyesha. Akaupapasa ule mstari kwa kidole.

Ijumaa, 7 Juni
Imerudi. Haina kumbukumbu namba. Naipata wapi? Eti kwenye barua tuliyowaandikia. Hamjatuandikia! Basi subirini tuwaandikie.


Jumatatu, 10 Juni
Meseji ya Nestor: homa, jenereta limezima, usimwambie mama.
Sikumwambia. Kaniuliza mbona sili.

Alhamisi, 13 Juni
Imepokelewa! Efren kawapigia simu mpaka wakachoka naye, wakampa namba. Jina la meneja juu, "Wako mtiifu" chini, nafasi ya saini, jina la Mama Ursing chini yake. Binti kaigonga mhuri bila hata kuisoma.
Mama katununulia supu ya tambi sokoni, sote watatu. Anasema Nestor akifika atamkanda mguu mwenyewe, kwa mafuta ya nazi. Nikasema ndiyo, mama. Simu ya Nestor haipatikani tangu Jumatatu.

Jumanne, 18 Juni
Kapiga Wilfredo, mpishi wa melini.
Nestor hatunaye tena. Alfajiri. Wamemfunga kwa shuka zao, watu wa bandari wamemchukua.
Mama nilimwambia nimemshika mabega. Hakulia. Kaenda kuanua nguo.
Nikaenda ofisini, sijui kwa nini. Safari hii binti alisimama. Pole, dada. Halafu, kwa sauti ya chini: ile barua sasa haitumiki. Inatakiwa nyingine. Kumbukumbu namba ni ile ile.

Jumatano, 19 Juni
Efren kaifungua ile ya zamani kwenye kompyuta. Kaongeza neno moja kwenye YAH: "Kurejeshwa nyumbani kwa mwili wa Nestor Palmares". Kaufuta ule mstari wa afya. Kabadili tarehe. Basi! Sehemu iliyobaki ya barua ni ile ile, mpaka "tutashukuru kwa msaada wenu wa haraka". Printa imeitoa ingali ya moto.
Mama kaisoma kwa sauti, akakoma kwenye kichwa cha habari.
"Huyu nani?"
"Mama, bila saini yako hawamleti."
"Nilishasaini. Niliomba waniletee mwanangu. Hii ni ya mtu mwingine."
"Mama, nakusihi —"
"Mwambie Efren alitoe hilo neno."
Nikasema, likitoka wataikataa. Akasema, na wakatae.
Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Efren yuko nje, pikipiki inaunguruma. Nimemtia Mama kalamu mkononi, kaitua mezani polepole, kama ya kuazima. Kisha kaichukua barua, kaiweka kitini, akaikalia.
Efren anapiga honi. Mama anatazama ukutani. Naandika hapa mbele yake kwa sababu sijui nimwinue vipi, na Efren anapiga tena —