Mafundi Watano Ndani ya Shati Moja

Machimboni, jirani na Bulyanhulu
Jumapili

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua kuvimba, na mvua imewafikia huko Ushirombo, maana huku imenyesha mara mbili tu na vumbi limerudi. Limi hajambo. Anahesabu hadi ishirini sasa, ila kumi na nne anairuka kila siku. Mimi ni mzima. Asiye mzima ni mkweo Masalu, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Chumba chetu ni kimoja, naye husikia kila neno. Barua hii nampa Shija muuza mitumba, anakuja huko kesho.

Siku ya mahari ulisimama mbele ya wazee ukasema, "Mimi sijapata mkwe, nimepata mafundi watano ndani ya shati moja." Watu walicheka, akina mama wakapiga vigelegele. Ulisema kweli. Anatengeneza pampu, anachomelea vyuma, anaranda mbao, anafunga umeme, na ng'ombe akishindwa kuzaa anaitwa yeye. Huku hawakuchelewa kumjua. Wazee wanamwita fundi. Vijana wa mpira wanamwita kiraka, kama mchezaji anayepangwa namba yoyote. Mwalimu wa shule ya msingi alisema huyu ni mtu mahiri. Mwenye duara, yaani shimo ambalo Masalu anafanyia kazi, anamwita jembe. Na mama ntilie jirani yangu anasema, "Wewe hukuolewa na mume, umeolewa na gereji."

Nami nilichangia. Nilichukua kipande cha bati nikaandika kwa rangi nyekundu: FUNDI MASALU. PAMPU. JENERETA. KUCHOMELEA. MBAO. UMEME. Mwenye duara akaniomba niongeze mstari mmoja chini: KUCHOMA DHAHABU. Nikauongeza, tena kwa mwandiko mzuri. Kuchoma ni kazi ya muda mfupi. Dhahabu iliyoshikana na zebaki inawekwa motoni, zebaki inatoka kama moshi, dhahabu inabaki. Wengi hawapendi kuifanya, humtafuta mtu. Baada ya bati lile, mtu akawa yeye.

Unajua tabia yangu ya kuandika daftari kila siku tangu niko sekondari. Nilipolipitia mwezi uliopita niliona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikipita. Jumatatu moja nimeandika, "Masalu amemwaga chai." Alhamisi yake, "Ameomba nimfunge vifungo vya shati, anasema vidole vina ganzi." Halafu, "Bisibisi imeteleza mara tatu kwenye skrubu moja, ameitupa ukutani. Limi amelia." Nikaanza kuandika pembeni nani alikuja kumwita siku hiyo, na alimwita kwa neno gani. Baba, akiitwa kwa fedha anaweza kukataa. Akiitwa kwa sifa, hakuna hata siku moja aliyokataa.

Nilimpeleka zahanati. Tabibu alimwambia anyooshe mikono mbele, ikawa inacheza kama ungo unaopepeta. Akasema anaona dalili za moshi wa zebaki, aache kuchoma kabisa, na aende hospitali kubwa akapimwe.

"Nikiacha kuchoma, pampu naruhusiwa?" Masalu akauliza.

"Pumzika kazi zote kwanza, ndugu yangu, mpaka upimwe."

Tulipotoka nje alicheka. "Yule anajua kazi moja tu, ndiyo maana anaona kupumzika ni rahisi."

Hospitali hajaenda. Nilifuta ule mstari wa chini kwenye bati kwa mafuta ya taa. Kesho yake niliukuta umerudi. Ameuandika mwenyewe, herufi zimepinda kama za mtoto wa chekechea, na wateja wanapita wanausoma bila kushangaa.

Jumatano nilimfuata mwenye duara palepale kazini. Nikamwambia, "Mzee, naomba umtafute mwingine wa kuchoma."

"Mama Limi, mwingine nitamtoa wapi? Huyu ndiye jembe letu."

"Mikono yake inatetemeka. Hujaiona?"

"Aa, hata mashine nzuri hutetemeka ikiwa kazini!"

Watu wakacheka. Masalu alikuwepo, Baba. Naye alicheka.

Ombi langu ni umwite nyumbani. Neno lako hawezi kulirudisha. Ila ndipo ninapokwama, maana unajua mwanamume haendi ukweni kukaa na kulishwa. Ukimwambia njoo upumzike, atasema mzee ananitania. Ukimwambia mashine yako ya kusaga imekufa, atapanda gari la kwanza, lakini atataka kuifungua mbele ya wateja wako kwa mikono ile, na atawaona wanavyomtazama. Hiyo sitaki. Nimetafuta njia ya tatu tangu Jumatano na sijaipata. Labda wewe unayo. Na akikupigia simu kabla hujapata, nakuomba usimsifu kwa lolote. Mwulize tu amekula nini.

Nisalimie Mama, mwambie ule unga wa muhogo ulifika na umeisha. Msalimie shangazi anayefundisha kwaya ya watoto parokiani, na kaka anayekusaidia mashineni, asimwambie mtu habari hizi. Bibi mwambie tu kwamba tunamsalimu.

Ningeandika zaidi, ila wamefika watu wawili na jenereta juu ya pikipiki. Mmoja ameita, "Hodi kwa jembe!" Nimewajibu kwamba amelala. Masalu ameitikia kutoka ndani, "Karibuni, nakuja." Ameshavaa viatu. Amekaa kitandani amenyoosha miguu, ananisubiri nimfunge kamba.

Binti yako,
Mama Limi