Injini Ilipozimika Tukiwa Juu

Mama Elia,

Sijui kama huko mnapata habari za huku, lakini hii nataka uisikie kwangu kabla hajaja mtu mwingine kuipotosha. Ni kweli, Mama Shila alinikalia mapajani ndani ya ndege. Tulia nikueleze.

Tangu ututoke tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, na mlango wetu unatazamana na wa mzee Mkumbo, mwenyekiti. Elia ameng'oka meno ya mbele. Anaimba ule wimbo wako wa kutwanga uwele, maneno yote anayakosea, nami simrekebishi. Alizeti ya kijiji ilistawi, basi wachache wetu tukaitwa Dar es Salaam kueleza tulivyolima. Elia nikamwacha kwa mama yako, Iguguno. Alinishika suruali akauliza, "Na wewe, utarudi?" Hilo "na wewe" lilinichoma. Nikamwambia nitarudi.

Lori lilitufikisha Dodoma, tukapanda ndege. Mimi, uliyekuwa ukinicheka naogopa hata ngazi ya ghala! Tulipokwisha kupita mawingu, injini ya kushoto ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Mapanga yake yakasimama tuli, tunayaona. Rubani akasema kwenye kipaza sauti, taratibu kama mtu anayeomba chumvi, "Ndugu abiria, injini moja ina hitilafu, nimeizima. Ya pili ni nzima na inatutosha. Tunarudi Dodoma. Fungeni mikanda, mkae."

Nani akae? Unakumbuka lori letu likilalia upande kwenye mlima Sekenke, mzee Mkumbo hufanya nini. Akasimama. "Kushoto kumekufa! Wazito wote wahamie kulia!" Na watu wetu walivyo watiifu, wakahama. Mimi nilikuwa kulia tayari. Ndipo Mama Shila alipowasili.

Binti mhudumu akaja mbio akishikilia viti. "Mzee, kaa chini! Hili si lori!"

"Najua, binti. Lingekuwa lori tungekwisha kushuka tukasukuma."

Sauti ya rubani ikarudi, safari hii haina chumvi wala utaratibu. "Nani wanahamahama huko nyuma? Mnanilemea upande mmoja! Kila mtu kwenye kiti chake!"

Mama Shila akainuka, akajikung'uta kitenge. "Samahani, Baba Elia. Nilitumwa na mwenyekiti."

Basi na wengine wakarudi vitini mwao. Ikasikika injini moja tu, inafanya kazi peke yake, na mimi nikaisikiliza kama nilivyokuwa nikisikiliza pumzi zako wiki ile ya mwisho.

Mama Elia, siku tuliyokuzika nilibaki nyuma ya wengine, nikakunong'oneza, nisubiri, sikawii. Nilimaanisha. Lakini ndege ilipoanza kushuka nikajikuta namwomba Mungu kinyume kabisa. Nisije kwako. Nisije, nina mtoto Iguguno. Nililia nikisema hivyo, nikaona kama nakukimbia.

Magurudumu yakagusa chini, vumbi likatimka, mzee Mkumbo akapiga makofi kama yuko mkutanoni. Nje akamshika rubani mkono. "Umejitahidi, kijana. Na sisi tulikusaidia upande ule." Rubani alicheka mpaka akafuta macho. Akatueleza kwamba injini moja ikifa, ndege hutaka kugeukia upande uliokufa, naye huizuia kwa kukanyaga pedali njia nzima. Mguu wake bado ulikuwa unatetemeka, tuliuona.

Wenzangu waliendelea kwa treni. Mimi nilitafuta lori la kurudi.

Elia nilimkuta anafukuza mbuzi kwenye uwele wa bibi yake. Hakunikimbilia. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Mbona mapema?" akarudi kwa mbuzi wake. Nikaketi hapo hapo barabarani, nikacheka hadi mama yako akatoka nje kuniuliza nimekunywa nini.

Lala salama, mke wangu. Nakupenda kama zamani. Lakini ule mnong'ono usiushike. Mtoto nitamlea, nitamsomesha, nitamwoza nikiwepo, na kwako nitakawia sana.

Baba Elia