Filimbi ya Mgonjwa, Filimbi ya Maiti

Jumapili, 3 Aprili 1988

Jana tumemzika Habineza. Alifia njiani. Ingobyi — kile kitanda cha kusukwa tunachobebea wagonjwa mabegani — inataka watu wanne, na walikuja wawili. Gari halipandi huku tangu daraja liende na mvua. Mpaka kwenye barabara ya malori ya simenti ni saa mbili za mguu. Mzee wa watu kakata roho kwenye majani ya migomba, kama mzigo uliosahauliwa.

Kaburini nikasema. Wengine walikuwa wanaangalia viatu vyao. Mimi fundi baiskeli, nina madarasa manne tu, lakini nikifungua mdomo hata mvua inasikiliza. Nikawakumbusha mwaka wa 73: nilimbeba mtu mzima mgongoni, peke yangu, toka juu hadi barabarani, tope magotini, sikumweka chini hata mara moja. Kayitare, yule kijana wa machimbo mwenye mabega mapana, akawa wa kwanza: Niandike, Papa Sefu. Kabla jua halijashuka, nyumba kumi na tisa zimejiandikisha kubeba! Majina yako mbele ya daftari hili. Huku nyuma ni mambo yangu.

Jumanne, 5 Aprili

Nyumba thelathini na moja. Ingobyi mpya imekwisha. Tumeijaribu, Kayitare ndani kama mgonjwa, njia nzima anaomba chai na asali. Tumecheka. Kilima hiki kilikuwa hakijacheka pamoja muda mrefu.

Nimeleta filimbi toka Kamembe, ya refa. Moja ndefu: mgonjwa. Mbili: maiti. Naipiga mimi tu.

Balagizi hakuja. Ni mume wa Nasiba, mtoto wa marehemu dada yangu. Mtu wa Bukavu, anavusha maharage mpakani. Nikamfuata. Akasema mbele ya watu:

— Mujomba, niko Bukavu siku ine kwa juma. Nitabeba na mabega ya nani?

Halafu akaongeza:

— Na ule muntu wako wa 73, mwaka jana alikuwa mwembamba. Sasa iko kilo mia. Anakulaka nini mu hadisi yako?

Walicheka wote. Kayitare hakucheka.

Ijumaa, 8 Aprili

Mkutano baada ya swala. Nimeweka sheria: asiyebeba habebwi. Maiti tu tutabeba ya kila nyumba, sisi si wanyama.

Kayitare akauliza: Na kama ni ndugu ya muntu?

Jina la Balagizi nililiandika mwenyewe siku ya kwanza, bila kumuuliza. Nikaomba kalamu ya bic, nyekundu. Nikainua daftari juu, nikalikata jina lake mbele ya wote. Hata damu yangu, nikasema. Makofi — sijawahi kupigiwa makofi kama yale.

Nasiba alikuwa bombani na bidon yake ya maji, mimba imefika mwisho. Nilimlea tangu ana miaka sita. Aliniangalia, akajitwika maji, akaenda.

Ilibidi. Ningemwacha Balagizi daftarini, kesho watu kumi wangeniletea safari zao za Bukavu.

Jumatatu, 11 Aprili

Nsengiyumva kavunjika mguu. Nimepiga moja, na kabla sijafunga kamba za viatu wanaume wanane wamesimama uani. Saa moja na nusu tuko barabarani! Lori limempeleka hospitali ya Gihundwe. Ataishi.

Watu wa kilima cha pili wameniita nikawafundishe. Nimewapa hadithi ya 73, na mto uliofurika pia umo. Mikono sitini juu.

Nasiba kanipita njiani. Hakusalimu. Nilitaka kumwita. Watu walikuwepo.

Jumanne, 12 Aprili

Maman Véronique ana homa kali. Mume wake hakujiandikisha. Kayitare na wenzake wamemkatalia. Kashuka kwa miguu, na fimbo, anatapika. Wakaja kuniuliza kama wamefanya vizuri.

Nimesema vizuri.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua. Balagizi yuko Bukavu. Mukarugwiza, mkunga wetu, anasema Nasiba ameanza uchungu. Mtoto wa kwanza, atachukua muda. Nimetuma sukari.

Alhamisi, 14 Aprili

Naandika kwenye baraza la ghala la kahawa, nusu ya njia. Mukarugwiza kanifukuza mle ndani. Mikono haina kazi, bora ishike kalamu.

Asubuhi alikuja ananikimbilia. Mtoto ametoa mkono. Mkono tu. Huyu ni wa hospitali, akasema, na ni sasa.

Nikapiga moja. Wakaja kumi na wanne, na mvua ile. Wakaweka ingobyi chini. Kayitare akauliza ni kwa nani. Nikamwambia. Hakuna aliyeinama.

— Weye ndiye ulikata jina, Papa.

— Naliandika tena. Daftari hili hapa.

— Juzi tulimuacha Maman Véronique anatembea na homa, na ukasema tumefanya vizuri. Yeye tutamuambia nini?

Hakusema kwa hasira.

Mmoja nyuma yake akasema: Lakini Papa Sefu, weye ulimubeba muntu muzima peke yako. Nasiba ni mwepesi.

Haikuwa dhihaka. Wameniamini. Walisogea pembeni, wakanipa njia.

Nikambeba. Mukarugwiza nyuma, anamshikilia. Nimeanguka kwenye mteremko, nikainuka. Nimeanguka tena. Nasiba akaniambia sikioni: Mujomba, weye hauwekake muntu chini. Hadithi hiyo nilimlaza nayo usingizi tangu mdogo. Tumefika hapa ghalani tu. Nimemweka chini.

Mwaka wa 73 wabebaji walikuwa wanne na mimi wa tano. Mimi nilibeba mwavuli.

Nimeandika jina la Balagizi upya, mbele. Limelowa, halisomeki.

Mukarugwiza ametoka. Mikono yake sitaki kuiandika. Anasema nipige filimbi. Nimemwambia moja wamekwisha kuikataa.

— Basi piga mbili.

Nimeuangalia mlango aliko Nasiba. Kaona.

— Anapumua. Lakini maiti watakuya kubeba, ni sheria yako. Maisha yote unadanganya, Papa Sefu. Leo unashindwa juu ya nini?

Karudi ndani.

Kumpigia mtu hai filimbi ya maiti. Mtoto wa dada yangu.

Nimepiga ya kwanza. Huko juu hakuna sauti. Mle ndani Nasiba alikuwa analia, sasa halii. Filimbi iko mdomoni. Nikimsikia, hata kidogo tu, ya pili itakuwa uongo. Nataka iwe uongo. Nasikiliza