Jeneza Litoke Mlango wa Nani?

Kongowea, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama, na mkono wako naubusu japo niko mbali nao. Miguu yaendeleaje? Bado inavimba jioni, au yale mafuta ya Bi. Khadija yamesaidia? Na paa la jikoni mmeshaliziba, au mwapikia mvuani? Mimi namshukuru Mungu, nala, navaa, nalala. Hilo la kulala si kweli sana, utaliona mbele.

Wewe kaka Athmani unayemsomea Mama, kaa kitako usome polepole. Usiruke, usiongeze lako, na ukifika pale pabaya usimtazame Mama kwa lile jicho lako la "si nilisema". Ulisema, sawa. Soma.

Mama, nina hofu. Nakuandikia wewe kwa sababu huku sina wa kumwambia. Shangazi Mwanaisha ana hofu kuniliko mimi, kila nikifungua mdomo yeye hufukiza ubani, nyumba nzima yanuka msiba. Jambo lenyewe ni hili.

Chuoni, mwaka huu wa mwisho, lazima tutengeneze filamu ya wimbo, mfano wa zile za kwenye televisheni, mtu aimba na picha zapita. Tuko watatu: mimi, Salim wa Likoni, ambaye ndiye mwenye sauti na ndiye aliyeutunga wimbo, na Otieno, kijana wa Kisumu, mshika kamera. Wimbo ni wa mume aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni, akarudi na masanduku ya zawadi siku ile ile mkewe anatolewa kwenda kuzikwa. Wimbo mzuri, Mama, hata wewe ungetafuta leso. Basi tukataka jeneza. La msikitini hatukuthubutu kuliomba, kwa hivyo Otieno akamwendea seremala hapa Kongowea, akalipigilia kwa mbao za makasha ya nyanya. Ukiliinamia lanuka nyanya mpaka leo.

Jeneza likapatikana, maiti hakuna. Kila msichana tuliyemwomba alisema hajachoka na dunia. Otieno akanigeukia, "Kombo, si ulale tu wewe? Ni dakika mbili, kwani utakufa?" Nawe wanijua, Mama, nikiambiwa siwezi ndipo naweza. Nikalala. Nilivaa nguo zangu zote, buibui juu yake, na shuka nyeupe juu ya buibui. Hakuna aliyeniona hata ukucha, ila uso, pale mwisho. Astaghfirullah, hilo la uso nalijua. Usimkemee Athmani, yeye yuasoma tu.

Vijana wanne wa darasani waliponinyanyua niliingiwa na hofu ambayo sijapata kuiona. Chini ya shuka huoni kitu. Wasikia nyayo, wasikia mbao zikilia, wasikia watu wakihema, na hujui wakupeleka wapi. Nikamkumbuka Baba. Nikasema moyoni, hivi ndivyo alivyokwenda, na mimi sikuwepo. Nilitaka kupiga ukelele waniteremshe, nikaiuma shuka badala yake. Walipolitua kwenye shamba la minazi, ndiyo makaburi yetu ya filamu, na Salim akanifunua uso, machozi yalikuwa yashafika masikioni.

Sasa, mwalimu wetu, Mwalimu Kilonzo, ana sheria yake. Hasahihishi kazi ya mtu mpaka ionyeshwe kwanza kwa watu. Mwaionyesha, kisha mwawauliza walipopenda, walipopotea, na walichokataa kukiamini. Na wakisema, wewe funga mdomo. Hakuna kujitetea, hakuna "lakini". Kisha mwende mkaitengeneze upya kwa hayo waliyosema.

Tukaipeleka kwenye ukumbi wa video kule Kisauni, Jumamosi moja mchana, vijana wamejaa wakingojea filamu yao ya karate. Mwanzo walitulia, mpaka Salim akaanza kutabasamu peke yake. Ilipofika kwenye uso wangu, mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Maiti apumua!" Ukumbi ukapasuka. Mwengine akasema, "Mrudisheni nyumbani huyo, ana njaa tu!" Na mwengine, "Mbona alia? Kwani huko kaburini kuna vitunguu?" Nami niko pale pale kwenye benchi, mdomo nimeufunga kama sheria, buibui nimelivuta mpaka puani. Ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Mwalimu akasema karibu wote wamekataa kuamini jambo moja, nalo ni kwamba maiti amekufa. "Basi rudieni. Mara hii Mwanakombo azuie pumzi." Kwake ni rahisi, si yeye anayebebwa. Mimi nikarudi kwa Shangazi natetemeka, na kufika Magharibi homa imenipanda. Usishtuke, ni malaria, nilikunywa vidonge na nimepona. Lakini homa yote ile nilikuwa naisikia mikono ya watu chini yangu, wanipeleka, wanipeleka. Na bado kuna kurudia.

Mwalimu akatuambia tutafute na watu wazima, kina mama hasa, maana wimbo ni wao. Shangazi, ambaye aipenda sauti ya Salim, aliposikia ni yeye aimbaye hakuuliza la pili. Akawaita majirani, akakaanga kaimati, sebule ikajaa wanawake. Salim na Otieno wakabaki nje barazani. Mimi sikuwa nimemwambia Shangazi kwamba nimelala kwenye jeneza. Nilidhani kwa shuka ile hatanijua. Akili gani hizo, Mama!

Aliniketisha ubavuni mwake. Shuka ilipofunuliwa alinikamata mkono huu wa kushoto, alama za kucha ninazo, na huku macho kayakaza kwenye televisheni aniita, "Mwanakombo! Mwanakombo, uko wapi?"

"Nipo hapa, Shangazi."

"Sikuulizi wewe!"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinuka akachomoa waya ukutani, akaniambia mbele ya watu, "Jeneza halijaribiwi kama kiatu. Likishamwonja mtu halimsahau." Najua si neno la dini hilo, Mama, na wewe utasema siku ya mtu kufa imeandikwa, haisogezwi na seremala. Mimi pia najiambia hivyo. Lakini limeniingia na halitoki. Siku hizi nikijikuta nimelala chali naruka kitandani kama nimeumwa na siafu.

Basi pale sebuleni palikuwa na jirani mmoja, Bi. Rukia, mtu mzima, mpole, si mwingi wa maneno. Alifiwa na binti yake Saida, wa pekee. Akasema, "Washeni tena." Shangazi akakataa. Bi. Rukia akaenda akachomeka waya mwenyewe, akaitazama filamu mwanzo mpaka mwisho, mikono mapajani. Nikamuuliza kama tulivyofunzwa, ni kipi hukukiamini?

Akasema, "Hiyo pumzi mimi sikuiona. Nililoliona ni kwamba mmenipeleka makaburini. Nani kawaambia nimewahi kufika? Jeneza la mwanangu lilipoinuliwa wanaume walikwenda nalo, mimi nikabaki na mlango. Ule mlango hata leo nipe mkaa nitauchora. Viatu vya watu vilikuwa vimejaa kizingitini, vyote vikaondoka, vikabaki vya Saida. Na kanga yake iko kwenye kamba, imekauka zamani, hapana aliyethubutu kuianua. Onyesheni hiyo. Huyu mtoto mwacheni."

Hakuna aliyegusa kaimati tena. Mimi sheria ya kufunga mdomo sikuihitaji siku ile. Nilitoka barazani nikawapa kina Salim maneno yale yale, na Otieno, ambaye husema kutwa kucha, akasema tu, "Hiyo ndiyo picha, Kombo. Sisi tulikuwa tunakimbia na kamera bure." Mwalimu naye akakubali. Kamera itabaki ndani na wanawake. Jeneza litainuliwa tupu, litatoka mlangoni, na tutasikia nyayo tu zikienda. Hakuna wa kulala.

Nikadhani hofu imekwisha. Kumbe! Tulihitaji nyumba, na nyumba ina mlango, na hakuna mtu anayetaka jeneza tupu litoke mlangoni kwake. Shangazi alisema, "Kwangu? Labda nitoke mimi kwanza." Mama yake Salim, kule Likoni, alisikia neno jeneza akafunga dirisha, na sisi bado tuko nje hatujamaliza salamu. Otieno, ambaye ndiye aliyelihifadhi chumbani kwake Changamwe na kulianikia mashati, mwenye nyumba wake amemwambia achague, litoke lenyewe au watoke wote wawili. Milango ya chuoni nayo, mtu akiiona ajua ni darasa.

Mwisho Bi. Rukia akatuma niitwe. Nikamkuta apepeta mchele. Hakuniinulia uso. "Njooni kwangu," akasema. "Kwangu limeshatoka, halinitishi tena. Ila mle ndani sitakaa peke yangu. Utakaa nami wewe."

Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri. Kwa hivyo katika filamu sasa mimi si maiti, mimi ni mfiwa. Na wallahi, Mama, hili naliogopa zaidi. Kulala nililala kwa ujinga, kukaa nitakaa na akili zangu.

Akaniuliza, "Likitoka, utalia vipi?" Nikasema sijui. "Kwani hujafiwa?" Nikamwambia nimefiwa na baba, mwaka huu ndio unapita. "Basi si wajua?" Ikabidi nimwambie ukweli. Nilimwambia kwamba habari ilinifikia huku nikapanda basi, basi likasimama njiani kungoja askari wa kulisindikiza, kisha nikavuka na mashua, nikafika kwetu Faza siku ya tatu. Nikakuta hitima imeshasomwa na wewe umeshakaa eda. Tulikumbatiana, tukalia, lakini hatukusema. Kofia ya Baba haikuwa kwenye msumari wake. Sikuuliza nani kapewa. Nikala, nikalala, nikarudi chuoni. Tangu hapo naogopa kuuliza, Mama, naona kama nikiuliza ndipo atakuwa amekwenda kweli.

Bi. Rukia aliweka ungo chini, akaniambia, "Kamuulize mamako." Ndiyo hii barua.

Naitia mkononi mwa Bwana Shee, aliyeshusha maembe yake hapa sokoni na arudi kesho, na lori mpaka gatini, kisha na mashua mpaka kwenu. Wiki hii hii atakuja tena na mzigo, mpeni jibu. Nimemwambia Mwalimu hatupigi picha mpaka jibu lifike. Akasema, "Watazamaji si umeshawauliza?" Nikamwambia, "Bado mmoja."

Ukikataa, Mama, nakataa. Jeneza litachanjwa kuni, nami nitarudia mwaka, na hutanisikia nikinung'unika. Ukiridhia, nipe radhi zako kwa mdomo wako, na Athmani ayaandike maneno vile vile utakavyoyatoa, hata kama ni matusi. Na uniambie ulikuwa umekaa upande gani wa chumba alipotolewa. Ulimsikia akipitishwa barazani? Nani alikushika? Na kofia iko wapi? Nikiyajua hayo nitaweza kukaa kwa Bi. Rukia. Bila hayo, nikilisikia likiinuliwa nitakimbia, najijua.

Nisalimie Bibi, mwambie ule ushanga wake ninao shingoni na siuvui hata kuoga. Mjomba Bakari mpe salamu, na umwambie sikumsahau ile redio, naitafuta. Wifi yangu, mke wa Athmani, mpe mkono, na mtoto mbusu kisigino, maana usoni hapendi. Bi. Khadija wa mafuta pia, mwambie aongeze.

Niombee, Mama. Ukimaliza kusali, kabla hujakunja msala, nitaje.

Mimi mwanao, mwenye hofu nyingi na haja ya radhi zako,

Mwanakombo

Athmani, hapa usimsomee. Haya ni yako peke yako. Wewe ulikuwa mmoja wa waliomchukua Baba, na tangu siku hiyo hujanieleza neno, nami sikukuuliza. Nilipokuwa chini ya shuka nilisikia wale wanne wakihema kwa ajili yangu, na mimi ni mwembamba. Nambie, kaka. Alikuwa mzito?