Maji ya Mashine ya Baba

Bujumbura, Jumanne

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Amahoro, amani ya Mungu, iwe nyumbani kwetu Minago. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na chikichi, mmeshaanza kuvuna? Mimi mwili mzima, ila moyo haukai. Kila nikiandika mistari michache nainuka, nazunguka chumba, narudi kuketi. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, na kukatiza unakuweza. Basi barua hii nampa dereva wa basi la Rumonge.

Unamkumbuka Madamu Elda, mwalimu wa ile kozi yetu ya kufanya biashara bila kuharibu ardhi na maji. Alipotutaka tutafute biashara ya kuchunguza, wenzangu walitaja hoteli za mjini. Mimi nilitaja mashine yako ya kukamua mawese. Nilisema, kwa majivuno yote niliyorithi kwako, kwamba mwambao mzima wa Rumonge hauna mashine safi kama ile. Nilikuwa naamini hivyo tangu tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania.

Tulipokuja kuitazama, mlitupokea vizuri mno. Mama alipika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese mapya, na mwenzangu Nestori akala mpaka akalegeza mkanda. Kisha mawingu yakajikusanya, nawe ukatuita kwenye mtaro wa mashine. Ulieleza kwamba majirani humwaga hovyo maji ya kuchemshia chikichi, ndiyo maana kwao kunanuka, lakini wewe unayafungia mtaroni na kungoja mvua kubwa, kwa sababu mvua iko fagio ya Mungu. Ukafungua. Maji yale meusi yakashuka na mvua hadi ziwani, uwanja ukabaki safi, nawe ukatutazama ukitabasamu. Wenzangu waliinamisha macho. Ulidhani ni heshima, Baba. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Wakati wa kurudi hakuna aliyetaja mtaro. Katika ripoti tuliandika mengine yote, nayo ni ya kweli: kwamba unachochea moto kwa makapi ya chikichi badala ya kukata miti, na kwamba akina mama unaowaajiri hawalalamiki. Tukasifiwa kuliko wote, na ikaamuliwa kwamba Ijumaa upewe cheti mbele ya walimu. Mama aliponiambia kwamba umeshatangaza kanisani na unashonesha shati, chakula kilinishinda.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Jana nilikwenda kwa Madamu Elda nikamweleza habari ya mtaro. Sikushauriana na mtu. Cheti kimefutwa, na Nestori hanisemeshi. Madamu hakugomba. Alinionea huruma, akasema angeweza kukupigia simu na kukwambia kwamba sherehe imeahirishwa, yaishe. Nilikataa. Hukunilea nikufiche mambo.

Mvua haifagii, Baba. Inasukuma uchafu kutoka uwanjani kwetu hadi pale dada Naomie anapochota maji ya kunywa. Yanatakiwa mashimo ya kuyatuliza maji hayo, na nafasi pekee tuliyo nayo ni shamba la muhogo la Mama. Najua ninachoomba. Najua pia kanisani watakuuliza cheti kiko wapi, na hilo linaniuma kuliko yote.

Hata hivyo, nakuomba uje Ijumaa, maana walimu bado watakutana nasi. Hawatakupigia makofi. Watataka kujua maji yanakwenda wapi, na wa kwanza kuuliza nitakuwa mimi, maana wenzangu wanaona aibu, wamekula kwako. Nikishauliza nitakuja kuketi kando yako, na utakalojibu tutalibeba wote wawili.

Msalimie Mama, umsomee taratibu pale penye shamba lake. Naomie mwambie achemshe maji. Murakoze kwa kunisoma bila kunikatiza.

Ni mimi binti yako,
Jovita