Sauti ya Wimbo wa Tano

Maman Véronique mpendwa,

Ninakuandikia nikiwa nimeshindwa, naomba unisaidie. Mimi ni Benita, fundi wa kushona hapa Kasongo, na jina langu unaweza kulisoma kwenye redio, maana hata ukilificha watu wa hapa watanijua tu.

Unaijua orkestra Luama Bleu, wale vijana waliotoka huku kwetu na sasa wanakaa Bukavu. Mimi ni mpenzi wao tangu zamani, tena tuko na kundi letu la WhatsApp, watu sitini na kitu, na wale ambao simu zao ni ndogo wanakuja Jumapili baada ya misa kwenye gereji ya Dady, fundi wa pikipiki, kwa sababu yeye iko na bafle, spika kubwa ya muziki, na umeme wa jua, hapo tunasikiliza pamoja, Wakristo na Waislamu, kila mtu na kiti chake. Albamu yao mpya, Siku Bila Jua, ilitufikia mwezi wa pili ndani ya kadi ya memori, ikaletwa na motari, dereva wa pikipiki, kutoka Kindu, na siku hiyo gereji ilijaa mpaka barabarani, sisi wote tukingoja sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo gita zinakimbia na watu wanainuka kucheza. Wimbo wa kwanza ukaisha bila sebene, wa pili ukaisha, wa tatu ukaisha, gita moja tu inalia polepole na mwimbaji anaimba kama mtu anayesema na ukuta, mpaka Dady akainuka kuangalia kama waya za bafle hazijatoka.

Maman, tangu siku hiyo hatukulala kwa maneno. Wengine walisema mwimbaji ni mgonjwa, wengine wakasema ameokoka, wengine eti mke wake amekwenda na mtu wa madini, watu walituma sauti za dakika tano tano kwenye kundi, mmoja akaapa kwamba hatasikiliza tena Luama Bleu mpaka warudishe sebene. Elsa, ambaye anauza mikate sokoni, aliuliza neno moja tu, ni nani amekufa kwao. Dady alilalamika kuliko wote, lakini mimi mwenyewe nilipita gereji asubuhi moja nikamkuta peke yake na ile albamu, amekaa chini kabisa karibu na bafle, akaniambia anapima mashine. Na mwalimu Iliasi, ambaye anafundisha shule ya msingi, alinakili maneno yote kwenye daftari kama imla, akaanza kutufafanulia wimbo kwa wimbo.

Sasa kuna wimbo wa tano. Ndani yake mwimbaji anasema, "Habari ya kaburi niliisikia sokoni, kwa mtu aliyekuwa akipima chumvi." Halafu gita inanyamaza, inabaki sauti ya mwanamke anaimba kwa Kibangubangu na mchi unatwanga chini yake, na mwishoni kabisa yule mwanamke anapiga ukelele mfupi, unakatika, wimbo umekwisha. Huo ukelele ndio uliowatia watu wazimu, kila mmoja na maana yake, Dady alisema ni jina la marehemu, mwingine alisema ni mzimu, na mwalimu Iliasi aliandika kwamba ni kilio cha mama Kongo kwa watoto wake. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa nimeijua sauti. Ilikuwa sauti ya yaya yangu, dada yangu mkubwa, Cécilia.

Sisi ni watu wa Kabambare. Yaya Cécilia aliondoka nyumbani miaka sita sasa, kwa sababu alitaka kuimba, na Papa, ambaye alikuwa katekista, alisema binti yake hataimba mbele ya chupa za bia, wakagombana mbele ya majirani, na kesho yake yaya hayuko. Mimi mwaka ule nilikuwa nimepokelewa shule ya wauguzi kule Kindu, hata sanduku nilikuwa nimenunua, na Papa akasema binti mmoja amepotea inatosha, hakuna mwingine atakayekwenda mbali, basi nikafundishwa cherehani. Ninakueleza hayo ili ujue moyo wangu ulikuwa namna gani wakati yaya aliponiandikia, miaka mitatu iliyopita. Ulikuwa ujumbe mfupi kwa namba mpya, "Benita, niko Bukavu, niko mzima, umwambie Mama, hii ndiyo namba yangu." Niliusoma nikiwa nashona sare za watu, nikasema moyoni, sasa unanikumbuka. Sikujibu. Sikumwambia Mama. Namba niliihifadhi kwenye simu kwa jina la Muuza Samaki ili mtu asiniulize.

Mwaka juzi Papa alikufa. Mama aliuliza kila mtu kama kuna njia ya kumpata Cécilia aje kuzika, wajomba wakapiga simu Kalemie, wakapiga Uvira, wote wakasema mtoto huyu hapatikani, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, simu iko ndani ya kitenge. Nilisema moyoni, nitampigia yaya kesho. Tulimzika Papa na sikupiga.

Kwa hiyo Maman, mwalimu Iliasi alipotuambia kwamba habari ya kaburi na chumvi ni mfano mzuri wa ushairi, mimi nilijua si mfano. Ni jambo lililomtokea. Yaya alisikia kifo cha Papa kwa mtu wa sokoni, na sababu ni mimi.

Nilitaka kuwa na hakika kuhusu sauti. Baada ya Pasaka nilipanda pikipiki mpaka Kabambare, siku mbili na matope, nikamkuta Mama anaanika mihogo, nikatia kadi kwenye redio yake ndogo nikamwambia asikilize bila kumwambia kwa nini. Mama alisikiliza wimbo wa tano mpaka mwisho. Akaomba nirudie. Mara ya pili alianza kutikisa kichwa, nikafikiri analia, kumbe anacheka kidogo.

Nikamuuliza kama ameijua sauti ya Cécilia.

Mama akasema, "Huyu haiko yaya yako. Ni mimi."

Akanieleza kwamba juma lile kabla Cécilia hajaondoka, yeye Mama alikuwa nyuma ya jiko anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuimba, na Cécilia amekaa karibu, simu mkononi, na mbuzi wa jirani akaja kula mihogo iliyoanikwa, yeye akampigia kelele. Huo ndio ukelele, Maman. Mama alikuwa anafukuza mbuzi. Kisha akasema, "Kumbe alinibeba mu simu. Miaka yote ile." Akanishika mkono akaniomba, mimi ambaye niko mjini na ninajua mambo ya orkestra, nimtafutie njia yoyote ya kumpata mwanawe, hata akilazimika kuuza shamba.

Nilirudi Kasongo na namba ndani ya simu.

Sasa mwalimu Iliasi amesema kwenye kundi kwamba atawaandikia Luama Bleu kwenye ukurasa wao awaulize mwanamke wa wimbo wa tano ni nani, na watu wote wanangoja jibu. Nimefikiri hivi, wakimjibu, ninaweza kumwambia Mama kwamba namba ya yaya imepatikana kwa njia ya mwalimu, Mama atafurahi, yaya atarudi, na hakuna atakayeumia. Uongo huo ni mbaya? Na kundi niwaambie ukweli wa ule ukelele, au niwaache na mizimu yao? Nimepiga ile namba mara nne na mara nne nimekata kabla haijaita. Nisaidie.

Benita

*

Benita mwanangu,

Kabla ya kukujibu nilimwomba fundi wetu wa mitambo aniletee huo wimbo wa tano, nami nimeusikiliza mara tatu, maana sikuwa bora kuliko watu wa gereji, nilitaka kujua. Mama yako anaimba vizuri.

Tuanze na shule yako ya Kindu. Ulinyang'anywa kitu kilichokuwa chako, na katika barua yote umekitaja kwa mstari mmoja na nusu, kama mtu anayeogopa kuambiwa analalamika. Nakuambia mimi: ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini aliyekuzuia ni Papa yako, naye ulimwogopa, kwa hiyo hasira ukampelekea aliye mbali, ambaye hawezi kukujibu. Na aliyeilipa zaidi ya wote ni Mama yako, ambaye hakukunyima kitu. Hilo uliache likuume, ni lazima liume.

Sasa huo uongo wako. Unaniuliza kama ni mbaya. Mimi nakuuliza kama una akili. Mama atampigia Cécilia, watalia, na kabla ya dakika tano Cécilia atasema, "Lakini namba nilimpa Benita." Hapo utakuwa umemnyima Mama mtoto wake miaka mitatu, kisha umemdanganya siku ya furaha yake. Mwalimu Iliasi mwache na daftari lake, usimtie ndani ya jambo hili.

Utafanya hivi. Leo, si kesho, kesho yako tunaijua, utapiga ile namba na utaiacha iite. Akipokea, usianze na wimbo wala na mbuzi. Mwambie ujumbe uliupata, ulikaa nao, Mama hakuuona, na Papa alipokufa ulikuwa nao bado. Akikutukana, sikiliza. Akikata, mwandikie maneno yale yale. Halafu panda pikipiki urudi Kabambare, kwa sababu jambo kama hili halisemwi kwa simu. Utamwambia Mama yako ukimtazama, kabla hajakuwekea chakula, na usilie wewe kwanza, maana ukilia atakubembeleza, na siku hiyo si zamu yako ya kubembelezwa. Usimwambie ulisahau. Mtu aliyesahau habadilishi jina kwenye simu.

Kuhusu kundi, ile sauti si yako, ni ya Mama yako, na aliyeibeba ni Cécilia. Hao wawili ndio watakaosema kama watu wa gereji wajue au wasijue. Wakikataa, Dady na wenzake waendelee kuuliza, hakuna aliyekufa kwa kuuliza maana ya wimbo.

Na shule ya wauguzi: ulizia umri wanaokubali sasa. Hili nalo lifanye, hata kama leo unaona halina maana.

Jibu hili nakutumia mkononi. Redioni sitalisoma, wala barua yako, mpaka unipigie mwenyewe kuniambia kwamba Mama amekwisha kujua. Redio yetu hufika Kabambare baadhi ya siku, na mimi sitaki asikie kwa mtu anayepima chumvi.

*

Wasikilizaji, mmesikia yote, basi mmejua kwamba Benita alipiga.

Alinipigia siku ya kumi na sita, akiwa Kabambare. Cécilia alipokea simu mara ya kwanza. Alimwacha mdogo wake aseme mpaka mwisho, kisha akamwambia jambo ambalo Benita hakulifikiria hata siku moja: kwamba miaka hii yote yeye aliamini ujumbe wake ulisomwa na nyumba nzima, na kwamba nyumba nzima, pamoja na Mama, ilikaa ikakubaliana kutomjibu. Wimbo aliwaandikia Luama Bleu, anaofanya nao kazi kule Bukavu, akiamini hivyo. Sauti ya Mama aliitia ndani kwa sababu hakutumaini kuisikia tena kwa njia nyingine. Baada ya hapo wakakata.

Mama alipoambiwa, aliinuka akachukua jembe akaenda shambani. Alirudi jua likiwa limeshuka, akanawa mikono, akakaa, akasema, "Piga." Aliongea na Cécilia mpaka salio likaisha. Akamtuma Benita dukani kununua lingine. Cécilia atakuja mwezi wa saba, mvua ikikatika na barabara ikipitika, na Mama ameruhusu barua hii isomwe, akisema watu wa Kasongo waliomfanya mzimu wajue kwamba yeye iko hai.

Lakini tangu lile neno la kununua salio, hajamwambia Benita lingine. Anampa chakula, anamwachia maji ya kuoga, hamsemeshi. Benita aliniuliza hali hiyo huchukua siku ngapi, na kama anaweza kurudi mjini sasa, kwa kuwa alilotumwa amelifanya.

Nilimwambia sijui siku ngapi, na kwamba harudi. Akae pale, atwange, alime, alale ndani ya kimya kile mpaka Mama mwenyewe aliyekianza akimalize. Kwa hiyo ninyi mliompelekea vitambaa vya sikukuu, msiende kugonga mlango wake. Nguo zenu zitachelewa.

Maman Véronique